Treni Iliyopita Kinamasini

Inspekta Aol alikuwa na ule uchovu usioponywa na usingizi, uchovu wa mtu aliyeikodolea macho karatasi moja siku tatu na kila siku ikamwambia neno lile lile. Karatasi yenyewe ilibandikwa ukutani kwa plasta ya kidonda, maana gundi ya kituo ilikwisha mwezi wa pili na barua ya kuomba nyingine bado ilikuwa njiani, huenda kwa miguu.

Ilikuwa picha nyeusi yenye vidoa vyeupe. Konstebo Shafiq alipoiona mara ya kwanza alisema inafanana na ukoko wa posho, ule ugali ulioshika sufuria. Lakini ukoko huo ndio uliomweka Khisa, mwenye mashua ya mizigo, mahabusu.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kumi, ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa. Helikopta ya kampuni moja ya ramani ilikuwa imeelea juu ya maji nje kidogo ya bandari ya Port Bell, imetulia pale pale, ikipima ufuko. Juu ya mapanga yake ilifungwa mikono ya chuma yenye antena za rada nchani, nayo ikazunguka pamoja na mapanga. Macho ya mtu asubuhi ile hayakuvuka hatua kumi, ila rada haijui ukungu ni kitu gani. Kwenye picha, gati la ghala la samaki lilionekana wazi, na penye nguzo ya tatu kilikaa kidoa kirefu cheupe. Mashua.

Saa moja, Olal, mlinzi wa ghala, alikutwa kifudifudi chini ya ngazi ya gati hilo, kisogo kimepasuka. Daktari alisema alikufa kwenye saa kumi na mbili hivi. Na daftari la bandari lilisema mashua ya chuma iliyotoka saa hiyo ni moja tu, ya Khisa.

"Afande Aol," sauti ya Afande Wandera, mkuu wa upelelezi wa kituo, ilitangulia tumbo lake mlangoni. "Saa nne hii. Saa nane zile saa arobaini na nane za kumshikilia zinaisha. Jalada la mauaji liende mahakamani au mtu aende nyumbani. Picha unayo, shahidi unaye. Unangoja nini, malaika ashuke na muhuri?"

"Nangoja sababu, afande. Khisa amuue Olal kwa nini?"

"Hilo atawaambia huko mbele. Saini."

"Nipe mpaka saa saba na nusu."

Wandera aliangalia picha, akaangalia plasta ya kidonda, akaondoka akitikisa kichwa.

Khisa aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala viatu, suruali kaishika kwa mkono mmoja. Mtu wa Bungoma, miaka kumi na moja Kampala, mikono imejaa alama za kamba. Aliketi kama mtu anayekijua kiti.

"Niambie tena," Aol alisema.

"Madam, nimesema mara ngapi? Mimi sikusimama pale, aki ya nani. Nilitoka bandarini na simenti ya watu wa visiwani, injini nusu, kwa sababu ya ukungu. Nikapita mbele ya ghala, gati liko mkono wangu wa kulia, mita sitini hivi."

"Sitini umezijuaje, na ukungu huoni pua yako?"

"Olal huwa anagonga debe kukiwa na ukungu. Tukisikia debe tunajua gati liko wapi. Siku hiyo..." Alinyamaza, akavuta suruali. "Siku hiyo aligonga, halafu debe likakata katikati. Nilifikiri amechoka. Mzee amechoka, nikasema, nikaenda zangu."

"Hukuwahi kusema hilo la debe."

"Hukuuliza. Yule kijana wako aliniuliza swali moja tu, 'Ulimuua na nini?'"

Shafiq, aliyekuwa akiandika, alikohoa.

"Ulimjua Olal?"

"Sana. Alinisimulia wiki iliyopita kuna sangara wadogo, wale waliopigwa marufuku, wanapakiwa pale alfajiri, hawafiki hata urefu wa kiganja. Alisema atawaambia wanajeshi wa doria. Nikamwambia mzee, chunga kazi yako." Alimtazama Aol kwa mara ya kwanza. "Mke wangu bado yuko nje?"

Teresa alikuwa nje tangu Jumanne, kwenye benchi, na chupa ya chai aliyoijaza kila asubuhi na kuimwaga kila jioni, kwa sababu wa zamu walikataa kuipokea. Aol alimpita akielekea kwenye gari.

"Tunaenda wapi, afande?" Shafiq aliuliza akifungua mlango wa gari, ambao ulifunguka kwa ndani tu.

"Nakawa. Kwa watu wa helikopta."

"Lakini picha tunayo."

"Tuna kona ya picha. Nani aliikata?"

"Mimi nilimwambia fundi anikatie. Mashine yetu ya kutoa nakala inameza karatasi ndogo tu, nnyabo. Ukiipa kubwa inatafuna kama mbuzi. Nikaomba penye gati peke yake, ushahidi unaohusika."

Aol alifumba macho mpaka Nakawa.

Ofisi ya kampuni ya ramani ilikuwa nyuma ya karakana ya betri, ghorofa ya pili. Fundi wa rada aliitwa Wasim, kijana mwenye miwani, na shati lililopigwa pasi mbele tu. Alifurahi kupata wageni. Watu wa rada hawatembelewi.

"Nataka picha nzima," Aol alisema.

Wasim aliifungua kwenye kompyuta. Haikuwa mraba kama ile ya ukutani. Ilikuwa duara, kama chapati kubwa nyeusi iliyotobolewa katikati.

"Hilo tundu ndipo helikopta ilipokuwa," alisema. "Antena zinazunguka, kwa hiyo tunaona pande zote kwa mara moja. Kaskazini huku juu. Hili ni gati lenu. Hii ni bandari. Hapa reli."

Aol aliinama. Reli ilikuwa mstari mwembamba ukishuka kutoka mjini kuelekea ziwani. Kushoto yake, mbali kidogo, palikuwa na weusi mtupu, na ndani ya weusi huo vidoa vizito vimepangana kama shanga.

"Hivi ni nini?"

"Mabehewa. Yale yanayopakiwa kwenye meli."

"Na hapa yalipo ni wapi?"

"Kinamasini. Kwenye mafunjo."

"Treni kwenye mafunjo?"

Wasim akacheka. "Ah, hiyo ni kawaida yake."

Aol hakucheka. Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi, alikuwa amesimama nyuma ya boda kwenye makutano ya reli akiingoja treni hiyo hiyo ipite. Aliyahesabu mabehewa kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Kumi na mawili. Aliyahesabu tena kwenye kioo. Kumi na mawili.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema, akigusa reli kwa ukucha. "Treni ilipita mbele ya pua yangu, polepole, mbuzi wa watu wanaipita. Ilikuwa juu ya reli. Ingekuwa majini ningesikia kelele."

"Ilikuwa juu ya reli, ndiyo. Ila ilikuwa inatembea." Wasim alivua miwani, akaifuta kwa ule upande wa shati usiopigwa pasi. "Sikia, afande. Mashine hii inaamini kitu kimoja, kwamba dunia yote imesimama na kinachotembea ni antena peke yake. Antena ikikimbia kwenye duara, mwangwi wa kila kitu unabadilika kidogo, na kwa badiliko hilo mashine inajua kitu kiko upande gani. Sasa kitu kikiwa na mwendo wake, kinauchanganya huo mwangwi. Mashine haisemi 'kinatembea.' Inasema 'kiko kule.' Inakisogeza pembeni."

"Pembeni upande gani?"

"Kikija kuelekea helikopta, siku ile, magharibi. Kikiondoka, mashariki. Treni ilikuwa inashuka ziwani, inatujia, basi imetupwa magharibi." Alipima kwa kipanya. "Mita themanini."

Shafiq naye aliinamia kioo.

"Na mashua inayotoka bandarini kwenda ziwani," Aol alisema polepole, "inawajia au inaondoka?"

Wasim alivaa miwani.

"Inatujia."

"Mashua ya mzigo, injini nusu. Ingetupwa kiasi gani?"

"Umbali ule... hamsini. Sabini ikizidi. Kwa hiyo mahali pake hasa ni mashariki ya hapo inapoonekana, kwa hizo hizo mita."

Aol hakuwa amemwambia neno lolote juu ya mita sitini za Khisa. Alivuta kiti, akakaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?" Wasim aliwageukia wote wawili. "Konstebo alikuja hapa, akasema nipe picha ya gati saa kumi na mbili na kumi. Nikampa. Hakusema mtu atafungwa."

Hata Aol hakuwa ameuliza. "Lakini unaweza kukosea. Pengine ni mashua nyingine, imefungwa kweli, imetulia. Nitajuaje?"

"Hiyo rahisi. Picha siyo moja. Kila sekunde tuna picha. Tazama."

Alirudisha nyuma nusu dakika, akaacha ziende moja baada ya nyingine. Kidoa kirefu kilitokea kaskazini, nchi kavu. Kikapita juu ya barabara. Kikapanda paa la chumba cha barafu cha ghala, kikatelemka upande wa pili bila haraka, kikafika kwenye gati, kikagusa nguzo ya tatu kwa muda wa kupepesa jicho, kikapita katikati ya mbao na kuelekea ziwani. Hakikusimama popote.

"Banange," Shafiq alinong'ona. "Mashua imepanda nyumba."

"Sisi tulichukua sekunde moja," Aol alisema. "Sekunde moja katika safari nzima, tukamfungia mtu." Aligusa kioo tena. Kulikuwa na kidoa kingine, kifupi na kikali, kati ya geti la ghala na chumba cha barafu. Picha zote thelathini zilipita nacho hakikutikisika. "Na hiki?"

"Chuma. Urefu kama mita tano. Gari dogo la mzigo, ningesema mimi."

"Limepotea njia pia, limetupwa kutoka kwingine?"

"Hapana. Limesimama. Kilichosimama kiko pale pale kinapoonekana."

Katika kurudi, Aol alikaa na jalada mapajani, limefunguka penye maelezo ya shahidi. Shahidi alikuwa Nasser, meneja wa ghala. Alieleza kwamba alifika kwa boda, akakuta geti limefungwa, gari la ghala amelilaza nyumbani kwake Kansanga, funguo za geti ni mbili tu, yake na ya Olal. Alichungulia kwenye nondo, ukungu ukafunguka kidogo, akaona mashua ya Khisa. Akaondoka kunywa chai, akarudi saa moja.

"'Imeegeshwa kwa ubavu,'" alisoma kwa sauti, "'imegusa nguzo ya tatu.' Shafiq."

"Naam."

"Haya maelezo ni ya Jumanne. Jumatatu alisema nini?"

Shafiq alizipita boda mbili kabla ya kujibu. "Jumatatu alisema hakuona kitu. Ukungu."

"Na Jumanne akakumbuka nguzo. Siyo mashua tu, mpaka nguzo. Na mashua hiyo haikugusa nguzo hiyo hata siku moja. Mahali pekee ilipoigusa ni kwenye picha yako."

Sasa yule kijana ambaye hata kwenye matanga hukosi kusikia kichekesho chake alikauka kama dagaa wa juzi. Walipofika kwenye makutano ya reli alisema, akiangalia mbele, "Nilimwonyesha kwenye simu. Kabla sijaandika. Nilitaka kumsaidia akumbuke. Sisi sote tunafanya hivyo, afande. Unamwonyesha mtu picha, unamwambia, 'Si ilikuwa hivi?' Anasema, 'Eee, hivyo hivyo.'"

"Najua tunafanya."

"Utaniandika?"

Aol alifunga jalada.

Nasser alifika kituoni saa saba kamili, ananukia manukato, kofia mkononi. Alisalimia kila mtu, mpaka Teresa pale kwenye benchi, na Teresa akaitikia kwa adabu.

"Samahani kukusumbua, mzee Nasser," Aol alisema. "Mahakama ina masharti yake. Nataka tu kuhakikisha tusiaibike huko."

"Hakuna shida, madam. Marehemu alikuwa kama baba kwangu."

"Nichoree ulichokiona." Alimsogezea karatasi.

Nasser alichora gati, akachora nguzo, akahesabu kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, akachora mashua. Ilikuwa nakala safi ya ukutani. Aol alikuwa amebandua picha ile mapema, plasta peke yake ndiyo iliyobaki.

"Ilikuwa inatembea au imesimama?"

"Imefungwa kabisa. Kamba niliiona kwa macho haya."

"Ulikaa unaitazama muda gani?"

"Kama dakika mbili."

"Na geti?"

"Limefungwa. Nimeshasema."

"Ndani ya ua kulikuwa na nini? Gari lolote, pikipiki?"

"Hakuna. Gari letu ni moja, na lilikuwa Kansanga, nyumbani. Muulize mke wangu."

"Hapana haja. Debe ulilisikia?"

Kalamu ilisimama. "Debe gani?"

"Debe la Olal la ukungu. Alikuwa akigonga."

"Sikusikia debe."

"Vizuri. Saini hapo chini, na saa."

Alisaini kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja. Shafiq alichukua karatasi bila kuambiwa, akasaini kama shahidi. Afande Wandera alikuwa mlangoni sasa, saa yake imeelekezwa juu kama anapima homa ya siku.

Aol aligeuza kompyuta ya Wasim aliyoiazima, akabonyeza.

Mashua ilipita barabarani. Ikapanda paa la chumba cha barafu. Ikashuka. Ikapenya gati, ikaenda zake.

"Hiyo ndiyo mashua ya Khisa," Aol alisema. "Ilikuwa mita sitini kutoka hapo, inatembea. Rada ilikosea mahali pake. Mashine inaweza kukosea hivyo kwa sababu zake, amenieleza fundi. Lakini macho ya binadamu, mzee Nasser, hayana antena. Wewe uliikosea vipi kwa mita zile zile?"

Nasser alimtazama Shafiq. Shafiq alitazama sakafu.

"Kijana wenu ndiye aliyenionyesha..."

"Ndiyo. Alikosea, na hilo nitaliandika. Wewe ulisema uliona kamba." Aliirudisha picha nyuma, akaweka kidole kwenye kile kidoa kifupi, kikali. "Na hiki hakikukosewa, kimesimama. Ndani ya geti ambalo funguo zake ni mbili. Mmoja wa wenye funguo alikuwa anagonga debe mpaka lilipokatwa. Gari hili linapakia nini alfajiri, sangara wa urefu gani?"

Mtu mwingine angelia au angetukana. Nasser aliikunja kofia mara mbili, akaikunjua, akaiweka mezani taratibu, kama anayeacha amana.

"Nataka wakili," alisema.

"Ni haki yako. Afande Wandera, tunaomba ruhusa ya kulikagua gari la Kansanga kabla halijaoshwa."

Wandera aliangalia kompyuta. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, "Nani mwingine anajua mashua imepanda nyumba?"

"Sisi na fundi wa rada tu."

"Basi mtoeni yule Mkenya. Na mumpe mkanda wake."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Khisa alitoka akifunga viatu huku anatembea. Hakuuliza lolote mpaka alipofika mlangoni.

"Kwa hiyo ile helikopta iliniona?"

"Ilikuona," Aol alisema.

"Na debe? Lilipokata..." Alikaza kamba ya kiatu. "Ningesimama, madam, angepona?"

Aol alimfungulia mlango. Nje, Teresa alifungua chupa, akamimina, na chai ikatoa mvuke, maana ile ya leo bado haikuwa imepoa. Khisa alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

Shafiq alikuwa mezani, karatasi tupu mbele yake. Aol alimpa kalamu, ile ile ya Nasser.

"Andika mwenyewe. Ulimwonyesha lini, ulisema nini, yeye alisema nini. Wakili wake ataliuliza hilo kwanza, nataka litoke kwetu kabla halijatoka kwake."

"Watanirudisha kuongoza magari, afande."

"Pengine."

"Nitasimamisha magari yote barabara ya Ggaba, mpaka lako." Kilikuwa kichekesho kidogo, kimeshikwa na kwikwi, lakini kilikuwa kichekesho. Kisha akainamisha kichwa akaanza kuandika: *Mimi, Konstebo Shafiq, siku ya Jumanne...*

Aol alisubiri mpaka alipomaliza mstari wa nne bila kufuta. Ndipo akachukua funguo za gari linalofunguka kwa ndani tu, akaelekea Kansanga. Kwenye makutano alisimamishwa na treni. Aliyahesabu mabehewa, kumi na moja mara hii, na yote yalikuwa juu ya reli. Aliyahesabu tena ili kuhakikisha.